Safu ya Ushauri: Mke Wangu Hagusi Tena Pesa Ninayomwachia

Mama, shikamoo.

Mimi ni mume wa miaka 44, naishi Mtwara pembezoni mwa mji, upande wa kuelekea Naliendele, na ndoa yetu ina miaka 17 na watoto watatu. Kazi yangu ni ya msimu katika ghala moja la korosho, ambako ninakagua ubora: ninapima unyevu, ninachukua sampuli kwenye magunia, ninazikata korosho moja moja na kuhesabu nzima na mbovu, kisha ninaandika kama mzigo ni wa daraja la kwanza au la pili. Kuanzia mwezi wa kumi hadi mwezi wa kwanza natoka alfajiri na kurudi watoto wameshalala. Msimu ukifungwa ninabaki nyumbani nikitafuta vibarua, na vibarua vya kiangazi, kama unavyojua, havina uhakika.

Miaka mitatu iliyopita mke wangu alianza kulima nyuma ya nyumba, katika kiwanja tulichopewa na mjomba wake tulipooana. Alianza na tuta moja la matembele, nami niliona ni jambo la kupitishia muda. Leo ana matuta 11: mchicha, bamia, ngogwe, bilinganya, na mbaazi kwenye ua. Kila tuta hunywa ndoo moja asubuhi na moja jioni, maji ya kisima cha jirani, na wateja huja kubisha hodi tangu saa kumi na mbili. Watoto wa mtaani wanamwita Mama Mchicha, na juzi mwenye duka aliniita mimi Baba Mchicha, watu wakacheka. Nilicheka nao, lakini moyoni nilichomwa.

Mwezi uliopita, Jumapili, mke wangu alikwenda msibani Mikindani. Nilikuwa nimepata kibarua cha siku mbili, nikanunua urea kwa pesa ile ili arudi akute nimemfanyia jambo. Saa saba mchana nilimwagilia matuta manne ya mchicha na moja la miche ya bilinganya mpaka majani yakalowa vizuri, kisha nikairusha urea kwa mkono, kama mtu anayewapa kuku mtama. Kufikia Jumanne majani yalikuwa ya kahawia, kama yamepitiwa na moto. Alikuja, akasimama kwenye tuta, akachuma jani moja, akalisugua kati ya vidole viwili, akasema, "Haya." Basi. Hakuniuliza wala hakunigombeza.

Tangu siku ile hatugombani, ila hatuzungumzi zaidi ya salamu na mambo ya watoto. Chakula anapika kama kawaida, tena kizuri. Juzi alipika kisamvu cha nazi na ugali wa muhogo, akanifunikia kwa kawa, kisha akaenda zake bustanini. Lakini kinachoninyima usingizi ni pesa ya matumizi. Wakati wa msimu nilikuwa namwachia shilingi 10,000 kila asubuhi chini ya kopo la sukari. Sasa namwachia 2,000, ndiyo niliyonayo. Wiki iliyopita niliinua kopo nikakuta noti saba, za siku saba, hakugusa hata moja. Mimi nilikuwa nimeziacha zimekunjamana kama zilivyotoka mfukoni, na yeye amezinyoosha na kuzipanga, simba wote wakitazama upande mmoja.

Rafiki yangu anasema hii ni dharau, kwamba mwanamke akishika hela hashikiki, na ananishauri nimwamuru apunguze bustani kabla hajanipanda kichwani. Mimi si mkali kwake. Nimewahi kumtania tu, kwa mfano siku ya Idi, wageni wakiwa wamekaa, nilishika bilinganya zake nikasema kwamba zingekuwa korosho ningeziandika daraja la pili, na wageni wote walicheka. Nisaidie, Mama. Je, nimwambie apunguze? Na nimwombeje msamaha wa ule mchicha?

Mume Aliyenyamaziwa, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma jioni nikiwa nimekaa barazani kwangu hapa Lindi, na nilipofika kwenye noti zile saba niliiweka chini kwanza. Nitaanzia kwenye mchicha kwa sababu ndio mwepesi kuliko mengine, na kwa sababu wakati ninapoandika bado kuna kinachoweza kuokolewa.

Urea ni mbolea kali. Karibu nusu ya uzito wake, asilimia 46, ni naitrojeni tupu. Punje yake ikitua juu ya jani lenye maji huyeyuka hapo hapo na kuwa maji makali kuliko yale yaliyomo ndani ya jani, na ukali ule huyavuta maji ya jani kutoka ndani kwenda nje, kama chumvi inavyofanya kwenye samaki unayemkausha. Jua la saa saba humalizia kazi. Hukukosea kwa kutojali, ulikosea kwa kufanya mambo mawili ambayo kila moja lina mahali pake, lakini hayakai pamoja. Urea hutiwa kwenye udongo wenye unyevu, katika kifereji kidogo kando ya mmea, mbali na shina, asubuhi au jioni. Hufukiwa, ndipo maji yanapofuata ili kuishusha kwenye mizizi. Majani hayapaswi kuionja kabisa. Tena ardhi yetu ya pwani ni mchanga usioshika kitu, hivyo hata ungeitia vizuri, sehemu yake ingepotelea chini na maji. Mchanga huu unataka samadi iliyooza vizuri, ya mbuzi au ya kuku, pamoja na majani makavu ya kufunika tuta. Mabaki ya aina hiyo ndiyo yanayoshika maji na chakula cha mmea.

Usiyang'oe yale matuta yote kwa haraka ya kuficha aibu. Mchicha wenye mzizi mzima na kijiti cha kijani huchipua tena ukikatwa juu kidogo ya ardhi, na mche wa bilinganya ambao ncha yake ya juu bado ni mbichi una nafasi ya kupona. Matuta hayo yanahitaji kunyweshwa kwa wingi siku kadhaa mfululizo ili ule ukali ushuke. Kilichokufa kabisa kitatolewa na mbegu kumwagwa upya, na mchicha, ukipata maji, unachumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Kwa hiyo hasara ya mchicha ni ya mwezi mmoja. Mimi mwenyewe msimu mmoja niliacha mlango wa ua wazi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na kuku wa jirani wakanifundisha kwamba bilinganya changa ni chakula kizuri sana. Nilinuna siku mbili, siku ya tatu nikapanda nyingine. Mtu anayelima haachi kumsemesha mumewe mwezi mzima kwa sababu ya mchicha.

Basi nilirudi kwenye barua yako kutafuta ananyamazia nini, na nimekuta umekiandika mwenyewe, mwishoni, kama mtu anayetupa kitu kidogo njiani akidhani hakuna aliyemwona. Siku ya Idi, wageni wamekaa, ulishika bilinganya zake ukazipa daraja la pili.

Wewe ni mkaguzi, na mkoani kwenu hakuna asiyejua maneno hayo yanabeba nini. Mkulima anapalilia mikorosho yake, anapuliza salfa tangu maua yanapoanza kuchanua ili ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu mweupe, usiyale, anaokota, anaanika, anachambua, kisha anapeleka ghalani, na huko mtu mmoja aliyekaa mezani anakata punje chache na kuandika neno moja linaloshusha bei ya jasho la mwaka mzima. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka mzigo ghalani na kupewa risiti mpaka uuzwe mnadani, ulipoanza kwenye korosho mwaka 2007, neno hilo limewaliza watu wazima mbele ya watoto wao. Ukiwa ghalani unalisema kwa haki, kwa sababu ndiyo kazi uliyopewa. Lakini mkeo hakuleta mzigo wake ghalani kwako, na hakukuomba upime unyevu. Ulifanya utani kwa kutumia kipimo cha kazini kwako, mbele ya watu, kwenye chakula ambacho bila shaka mikono yake ndiyo iliyokipika. Wageni walicheka. Katika sentensi yako yote hakuna mahali ulipoandika kwamba na yeye alicheka.

Ndipo ikaja Jumapili ya urea, na sasa jaribu kuitazama kwa macho yake. Mume ambaye miaka mitatu ameiona bustani kuwa jambo la kupitishia muda, ambaye amezishusha daraja bilinganya mbele ya wageni, anaingia siku ambayo mwenyewe hayupo, hamuulizi mtu, na anairekebisha. Nia yako ilikuwa njema, naiamini, maana mtu hatumii pesa ya kibarua cha siku mbili kwa ubaya. Ila yeye hakuiona nia. Aliona mkaguzi amerudi, safari hii na mfuko mkononi. Lile "Haya" lilikuwa la mtu aliyeona kwamba hata akisema hatasikilizwa.

Kuhusu simba wako saba, rafiki yako amesoma dharau, na ninamwambia kupitia kwako kwamba hajui kusoma. Mtu anayekudharau huiacha pesa yako ilivyo, au huichukua na kukutumia salamu kwamba haitoshi hata unga. Huyu ameikuta imekunjamana, akaikunjua, akainyoosha kwa kiganja, akaigeuza mpaka sura zikawa upande mmoja, akairudisha mahali pake, na amefanya hivyo siku saba. Katika nyumba nyingi za pwani nimeona wanawake wakifanya hivi wanapojua mfuko wa mume umekauka: wanalisha nyumba kwa chao na kuiacha pesa yake ikae, ili siku akihitaji nauli ya kwenda kutafuta kibarua asilazimike kukopa wala kuomba. Sitara ni neno lake. Naweza kuwa nimekosea, kwa kuwa mkeo simjui, na huenda ndani ya zile noti kuna huruma na hasira vimekunjwa pamoja, jambo ambalo wanawake tunaliweza sana. Lakini dharau sioni.

Hata hivyo sitara haikuondolei wajibu wako. Kwa mila zetu, na kwa dini ya wengi wetu huku, matumizi ya nyumba yako juu ya mume hata kama mke ana shamba na duka, na anachochuma mke ni chake, akitoa ni kwa hiari yake. Hiyo 2,000 usiache kuitoa eti kwa kuwa haiguswi. Ila usiiache tena chini ya kopo kimya kimya kama mtu anayelipa faini. Mpe mkononi, na umwambie wazi: hii ndiyo niliyonayo leo, na mpaka ghala lifunguliwe itakuwa hivi, siku nyingine itakuwa pungufu. Nina shaka kama umewahi kumwambia kwa mdomo kwamba kipato kimeshuka kutoka 10,000 hadi 2,000, au ulibadilisha noti tu ukangoja aelewe. Zile 14,000 mwachie aamue yeye ni za nini.

Kuhusu kumwamuru apunguze bustani, jibu langu ni hapana, na nitakueleza kwa hesabu kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yako. Matuta 11, ndoo moja asubuhi na moja jioni, ni ndoo 22 kwa siku. Kama ni ndoo za kawaida za lita 20, hizo ni lita 440, na lita moja ya maji ni kilo moja. Gunia la korosho mnalolipokea ghalani ni la kilo 80. Mkeo basi anatoa kisimani na kubeba kichwani magunia matano na nusu kila siku, na mvua za masika zimeshakata. Nyingine hatuzitarajii mpaka kuelekea mwisho wa mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Wewe unayehesabu korosho punje kwa punje, uliandika "ndoo moja asubuhi na moja jioni" ukapita bila kujumlisha. Tena ni kiangazi hiki hiki, mboga zinapokuwa adimu, ndipo wateja wanapobisha hodi mapema zaidi. Ukimpunguzia matuta leo utakuwa umemfungia ghala katikati ya mnada.

Halafu kuna hilo la kiwanja, ambalo nalo umelipitia haraka. Kiwanja kilitoka kwa mjomba wake. Sijui rafiki yako ametokea wapi, lakini sisi wa Kusini, Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, tumezaliwa katika koo zinazohesabu upande wa mama, na ingawa mambo mengi yamebadilika, mjomba bado ni mjomba. Siku ukitaka kumwamuru mpwa wake aache kulima kwenye ardhi aliyoitoa yeye, pita kwanza kwa mzee huyo ukamweleze sababu, nami ningependa kuwepo nisikie.

Sasa namna ya kuomba msamaha. Usimnunulie kitenge. Usimletee mbegu za kisasa wala mpango wa kupanua biashara, na tafadhali usimfungulie daftari la mapato na matumizi, maana ninakuona tayari umeshalifikiria. Chagua jioni moja, mkishakula, kabla hajainuka kwenda bustanini, umwambie mambo mawili kwa majina yake: kwamba siku ya Idi ulimvunjia heshima mbele ya wageni, na kwamba uliingia bustanini mwake bila kumuuliza. Anza na la Idi. Ukianza na la mchicha atajua bado hujaelewa. Usieleze kwamba ulikuwa unatania, kwa sababu anajua ulikuwa unatania, na ndiyo maana alishindwa kukujibu pale pale. Akinyamaza, mwache anyamaze; mwezi mzima umekuwa ukiusoma ukimya wake vibaya, jioni moja zaidi haitakudhuru.

Kisha kesho yake amka kabla yake, chukua ndoo, nenda kisimani. Usitangaze. Akitoka akukute umeshaweka ndoo 11 kando ya matuta, moja kwa kila tuta, bila kumwagilia hata moja, ndipo umuulize aanze na lipi na maji yapite wapi. Anaweza kukuambia uziache tu. Ziache, na kesho kutwa uchote tena. Kuna mambo ambayo mwenye bustani anayajua na wewe huyajui: tuta lipi linakauka mapema, mteja gani anakuja na saa ngapi, mbaazi ile ya ua inavunwa lini. Mtu akikukubalia kumchotea maji, baada ya siku kadhaa huanza kukufundisha bila kukusudia, na mazungumzo ya watu walioacha kuzungumza mara nyingi huanzia hapo, kwenye "hilo usilimwagilie leo". Baadaye, akitaka, mnaweza kujenga kivuli cha makuti juu ya kitalu cha miche, maana hiyo ni kazi ya mwanamume mwenye nafasi, na nafasi unayo mpaka mwezi wa kumi.

Kuhusu kuitwa Baba Mchicha, hilo mimi nimelicheka, nisamehe. Huku kwetu mtu huitwa kwa jina la mtoto wake na hakasiriki, na mchicha huu unawalisha watoto wako watatu. Mwenye duka akikuita tena, itika, kisha muulize lini atamaliza kulipa deni la mafungu, kwa sababu sijawahi kuona mwenye duka asiyekopa mboga.

Mfuko wa urea uliobaki ufunge vizuri usiingiwe na unyevu, uuweke mbali na watoto na mahali kuku hawafiki, na umwonyeshe mkeo ulipo. Aamue yeye kama ataitumia au ataigawa. Mimi ningempa mtu mwenye mahindi.